Shahidi wa ulimwengu alikuwa mlio

Kwenye kikundi chetu tuko watano tuliozaliwa tarehe 1 Januari. Si kweli, bila shaka. Siku ya kuandikishwa tuliulizwa tarehe, mama akasema ni wakati wa mahindi mabichi, mwaka ule daraja lilipobebwa na maji, na aliyekuwa anaandika alihitaji namba ya kuweka kwenye kompyuta. Akaweka 01/01. Kila mwaka mpya tunachekana, tunajifanyia sherehe ya chai na mandazi. Lakini aliyewahi kukaa mbele ya meza akaulizwa "utathibitisha namna gani?" anajua hayo mambo hayachekeshi sana. Nyumba iliungua, kitabu cha ubatizo kiliungua, na aliyekuwa anajua hayupo tena.

Ndiyo maana jioni moja ya kujisomea, tulipokuwa tunawasaidia wadogo zetu wa sekondari fizikia, na mmoja wetu akasoma kwa sauti kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, dada mmoja akaweka kalamu chini. Akauliza: "Nani alikuwepo? Mimi nina miaka kumi na saba na hakuna anayenikubalia. Huo ulimwengu wenyewe ulimpata wapi shahidi?"

Tulinyamaza. Sisi ni wa kujitolea tu, tumeishia sekondari. Tulimwomba atupe muda, tukasoma wiki tatu kwa bando la kuchangishana. Haya ndiyo tuliyompelekea, na tunayaweka hapa ili na ninyi mnaofanya kazi na sisi kwenye mashirika myasome, kwa sababu ndani yake kuna watu mtakaowatambua.

Shahidi yupo. Si mtu, ni mlio.

Wale waliokaa kwenye kibanda cha video wakati wa TV za zamani, zile zenye mgongo mkubwa, wanakumbuka stesheni ikipotea: kioo kinajaa chenga nyeusi na nyeupe, na spika inatoa shshshsh mpaka watu wanampigia kelele mwenye kibanda. Chenga zile nyingi zinatoka kwenye vyombo vyenyewe na vitu vya karibu. Lakini sehemu ndogo, wanasayansi wanakadiria kama asilimia 1, ni mawimbi yaliyosafiri karibu miaka bilioni 13.8 kabla ya kuingia kwenye antena ya kibanda. Tulikuwa tunalipia filamu, na katikati tunaonyeshwa mwanzo wa ulimwengu bure. Tukapiga kelele utolewe.

Na hata waliougundua mwanzoni walitaka kuutoa.

Mwaka 1964, kwenye kilima kiitwacho Crawford Hill, Holmdel, jimbo la New Jersey huko Marekani, kulikuwa na antena ya ajabu. Ilikuwa ya alumini, yenye umbo la pembe kubwa, urefu wa kama mita 15, na mdomo wake wa mita 6 kwa 6. Mtu akisimama ndani anaonekana kama mtoto mlangoni pa ghala. Kampuni ya simu ya Bell iliijenga mwaka 1959 kwa kazi ya setilaiti ya Echo, ambayo ilikuwa puto kubwa linalong'aa la kurudisha mawimbi ya redio duniani. Kazi hiyo ilipopita, vijana wawili wakaomba waitumie kusikiliza anga: Arno Penzias na Robert Wilson. Walitaka kupima mawimbi ya redio kutoka pembezoni mwa galaksi yetu. Ili uamini kipimo kama hicho lazima kwanza uijue antena yako vizuri, ujue kila mlio unatoka wapi. Basi wakaielekeza mahali ambapo, kwenye mawimbi ya sentimita 7.35, walitarajia kimya.

Hakukuwa na kimya. Kulikuwa na mlio mdogo uliobaki, sawa na joto la nyuzi kama 3.5 juu ya sifuri kabisa. Tueleze kidogo: kila kitu chenye joto kinatoa mawimbi, hata wewe unayesoma. Watu wa redio wanapima mlio kwa joto la kitu ambacho kingetoa mlio huo. Sifuri kabisa ni kama nyuzi −273 za Selsiasi. Kwa hiyo kulikuwa na kitu cha baridi kali mno ambacho hata hivyo kilikuwa kinapiga kelele.

Sasa hapa ndipo tulipoipenda hadithi. Hawa watu hawakukimbilia kusema tumegundua. Walitafuta kosa lao. Waliielekeza antena upande wa jiji la New York, mlio haukuongezeka. Mchana na usiku, ule ule. Miezi ikapita, dunia ikazunguka jua, antena ikatazama pande nyingine za anga, na mlio ukabaki ule ule. Walifikiria hata bomu la nyuklia ambalo Marekani ililipua juu angani mwaka 1962, labda vumbi lake la umeme bado linalia. Lakini hilo lingepungua kadiri muda unavyokwenda, na mlio haukupungua. Walibandika utepe wa alumini kwenye viungo vya mabati. Kidogo tu, au hamna.

Halafu njiwa. Jozi ya njiwa ilikuwa imehamia ndani ya pembe, kwenye sehemu yenye joto, na kuipaka kinyesi. Waliwanasa, wakawatuma kwa gari la barua la kampuni hadi tawi jingine, mbali. Njiwa wakarudi. Wale ni njiwa wa kujua nyumbani. Mwisho wakapigwa risasi, jambo ambalo baadhi yetu hatukulifurahia kabisa, tulibishana karibu nusu saa juu ya njiwa badala ya fizikia. Wakasugua antena ikang'aa. Mlio ukabaki.

Tuwaache hapo wakisugua, tuseme huyu Penzias ni nani.

Alizaliwa Munich, Ujerumani, mwaka 1933, mwaka ambao Hitler alishika madaraka. Familia yake ilikuwa ya Wayahudi wenye asili ya Poland. Vuli ya 1938 serikali ya Ujerumani iliwakusanya watu kama hao na kuwapakia kwenye treni kuelekea mpaka wa Poland. Poland nayo haikuwataka, ikafunga mpaka. Treni ya kina Penzias ilikwenda na kurudi siku kadhaa, mwisho wakarejeshwa Munich, wakijua lazima waondoke. Mtoto wa miaka mitano alikumbuka baadaye vitanda vya ngazi tatu ukutani na safari ndefu, na kwamba hapo ndipo alipoanza kuelewa kuna mabaya ambayo hata baba na mama hawawezi kuyazuia.

Usiku mmoja mwaka 1939, muda mfupi baada ya kutimiza miaka sita, wazazi waliwapandisha yeye na mdogo wake kwenye treni ya watoto kwenda Uingereza. Kila mmoja alikuwa na sanduku lenye herufi za jina lake na mfuko wa peremende, na mkubwa akaambiwa amtunze mdogo. Treni ilipoanza kuondoka, ni yeye aliyemwambia mdogo wake kwamba sasa wako peke yao.

Hatuongezi neno hapo. Kuna wenzetu kwenye kikundi waliovuka mpaka hivyo hivyo, na mdogo mgongoni.

Baba yake alifika Uingereza karibu wakati mmoja na watoto, lakini hawakumwona, kwa sababu alifungiwa kambini kama mgeni wa kiume. Mama alipata kibali cha kutoka wiki chache kabla vita havijaanza. Mwisho wa 1939 wakapanda meli kwa tiketi ambazo baba alizinunua mwaka mmoja na nusu kabla, na Januari 1940 wakafika New York. Huko wazazi wakawa watunzaji wa jengo la kupanga, familia ikakaa kwenye chumba cha chini ya ardhi bila kulipa kodi. Baadaye mama akashona makoti kiwandani, baba akafanya useremala kwenye jumba la makumbusho. Kijana akasoma chuo cha jiji, kile ambacho watoto wa wahamiaji maskini walikuwa wanaingia, kisha jeshi, kisha Columbia.

Tuseme ukweli, hatudai kwamba ukimbizi unaleta akili. Ukimbizi unaleta foleni. Wilson mwenzake alikulia Houston, Texas, hakukimbia popote, na kazi waliifanya wote wawili sawasawa. Tunalotaka wadogo zetu walione ni chuo kile kilichompokea, maana bila mlango ule pembe ya Holmdel angeisikia mtu mwingine, au asingeisikia mtu.

Na hili la "asingeisikia mtu" si maneno yetu tu. Mlio ulikuwa umeshasikika. Mwaka 1941 mwanaastronomia wa Kanada, Andrew McKellar, aliona kwamba chembe fulani katikati ya nyota zina joto kama la nyuzi 2.3 juu ya sifuri kabisa, kana kwamba kuna kitu kinazipasha. Ikaandikwa, ikapita. Mwaka 1961 injinia wa kilima kile kile cha Holmdel, Edward Ohm, alijumlisha milio yote ya antena akapata ziada ya nyuzi kama 3. Akaihesabu ndani ya makosa ya kawaida ya kipimo. Ushahidi ulikuwa mezani na watu wema, wenye elimu, waliugeuza kuwa kosa la hesabu. Tulipofika hapa yule dada alisema "mnaona?" na hatukumjibu.

Zaidi ya hapo, mlio ulikuwa umetabiriwa kabla. George Gamow alizaliwa Odessa. Mwaka 1932 alijaribu kuikimbia Urusi ya Kisovieti na mke wake kwa mtumbwi mdogo wa kasia, wakivuka Bahari Nyeusi kuelekea Uturuki, lakini dhoruba ikawarudisha. Mwaka 1933 walipata ruhusa ya kwenda mkutano Brussels, hawakurudi. Kule Brussels, Ubelgiji, ndiyo nchi ya padri Georges Lemaître, mwalimu wa chuo cha Louvain, ambaye tangu 1931 alikuwa anasema ulimwengu ulianza kama kitu kimoja kidogo sana. (Wakongomani mtashtuka: Lovanium ya Kinshasa ilizaliwa kutoka chuo hicho hicho.) Gamow akahamia Washington, akapata mwanafunzi anayeitwa Ralph Alpher, aliyefanya kazi mchana na kusoma masomo ya usiku. Mwaka 1948 Alpher na mwenzake Robert Herman walipiga hesabu: kama ulimwengu ulianza kwa joto kali, joto lile halijaisha, limepoa tu, na leo lingekuwa kama nyuzi 5 juu ya sifuri kabisa. Waliandika kwenye jarida la Nature. Hakuna aliyenyanyua antena kulitafuta. Wakachoka, Alpher akaenda kufanya kazi General Electric, Herman General Motors.

Turudi kwa wale waliokuwa wanasugua. Mwanzoni mwa 1965 Penzias alikuwa anaongea kwa simu na mwenzake Bernard Burke, akalalamika juu ya mlio. Burke alikuwa amesikia kwamba kijana mmoja wa Princeton, Jim Peebles, anahesabu mabaki ya joto la mwanzo. Penzias akapiga simu Princeton, mwendo wa gari usiofika mbali. Simu ilimkuta Profesa Robert Dicke na vijana wake ofisini. Walikuwa wanajenga chombo chao cha kutafuta mlio huo huo. Dicke alisikiliza, akaweka simu, akawaambia wenzake wamewahiwa. Kinachochekesha, Dicke mwenyewe mwaka 1946 alipima anga akaandika kwamba joto lake halizidi nyuzi 20, kisha akasahau kabisa.

Wakakubaliana kuchapisha pamoja. Makala ya Penzias na Wilson ni fupi, haifiki kurasa mbili, na kichwa chake kinataja tu ziada ya joto la antena. Neno ulimwengu halimo kwenye kichwa. Wilson alikuwa anapendelea nadharia nyingine, ile inayosema ulimwengu hauna mwanzo. Alichopima kilienda kinyume na alichopenda, akakiandika hivyo hivyo. Mwaka uliofuata chombo cha Princeton nacho kikatoa jibu kwa mawimbi ya urefu mwingine: nyuzi 3. Shahidi wa pili, na maelezo yanalingana.

Sasa mlio huu unatueleza nini? Tulimweleza yule dada kwa moshi na tyubu ya baiskeli.

Moshi kwanza. Fikiria jiko limejaa moshi wa kuni mbichi. Tochi ipo, mwanga upo, lakini hauoni ukuta, kwa sababu mwanga unagongwa kila upande. Ulimwengu wa mwanzo ulikuwa hivyo: moto mno, elektroni zinazurura huru, na mwanga ukizigonga unageuzwa. Ulitanuka ukapoa, na baada ya miaka kama 380,000, joto liliposhuka hadi nyuzi kama 3,000, elektroni zikashikamana na viini, zikawa atomi za hidrojeni na heli. Moshi ukatoka. Mwanga ukapata njia, ukaanza safari. Mwanga ule ndio tunaupokea.

Mbona basi hatuuoni kwa macho? Hapo tukakata kipande cha tyubu, kile cha kufungia mizigo, tukachora wimbi kwa kalamu, watu wawili wakavuta. Wimbi likarefuka. Ulimwengu umetanuka kama mara 1,100 tangu siku ile, na mawimbi ya mwanga yamevutwa nao, mpaka yakawa mawimbi ya redio, yale mafupi yanayoitwa mikrowevu. Joto nalo limegawanywa hivyo hivyo: 3,000 kwa 1,100 ni kama 2.7. (Tyubu yetu ilikatika kwenye mara tatu. Mwenye baiskeli anatudai.) Kipimo cha leo ni nyuzi 2.725. Na kwenye kila sentimita moja ya ujazo, hata ndani ya kiganja chako ukikifumba, kuna chembe kama 400 za mwanga huo zinapita.

Kwa umri ilibidi kusubiri. Setilaiti ya COBE ilirushwa Novemba 1989, na Januari 1990 John Mather alipoonyesha mchoro wa mwanga huo kwenye mkutano wa wanaastronomia, vipimo vikiwa vimekaa juu ya mstari wa hesabu bila kupotea, ukumbi ulisimama ukapiga makofi. Mwaka 1992 timu ya George Smoot ikaonyesha kwamba joto halilingani kabisa pande zote: kuna madoa yenye tofauti ya kama sehemu 1 kwa 100,000. Madoa hayo ni mbegu za galaksi. Palipokuwa pazito kidogo palivuta vitu zaidi, na baada ya muda mrefu pakawa nyota. Zikafuata setilaiti ya WMAP mwaka 2001 na Planck mwaka 2009, zikayapiga picha vizuri zaidi. Yale madoa yanayojitokeza sana yana upana wa kama mara mbili ya mwezi mpevu unavyoonekana angani. Fizikia inatueleza upana wao wa kweli ulikuwa kiasi gani. Ukilinganisha na upana unaouona, unapata umbali, na pamoja na vipimo vingine vya madoa hayo unapata mwendo wa kutanuka na umri. Bilioni 13.8, na shaka yake haifiki asilimia 1. Sisi watano wa 1 Januari shaka yetu ni kubwa kuliko hiyo.

Penzias na Wilson walipata Nobel mwaka 1978. Alpher na Herman hawakupata. Kwenye hotuba yake Penzias aliieleza kazi ya Gamow na wenzake wale wawili, lakini hotuba haigawi medali. Herman alifariki 1997. Alpher alipewa nishani kubwa ya sayansi ya Marekani mwaka 2007, mtoto wake akaenda kuipokea kwa sababu mzee alikuwa mgonjwa, na wiki chache baadaye akafariki. Penzias alifariki Januari 2024, ana miaka 90. Peebles, yule kijana wa hesabu, alisubiri Nobel yake mpaka 2019.

Tulisoma haya yote kwa sauti chini ya taa ya sola, yule dada akisikiliza mikono ikiwa kidevuni. Tulipomaliza hakutushukuru. Aliuliza: "Na kabla ya moshi kutoka? Hiyo miaka 380,000?"

Hapo mwanga haupiti, tukamwambia. Yapo mawazo ya kuona alama za wakati huo kwenye mpangilio wa mwanga wenyewe, namna mawimbi yanavyoelekea. Machi 2014 timu yenye darubini huko Antaktika ilitangaza kwamba imeziona, dunia nzima ikashangilia. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, walipolinganisha na vipimo vya Planck, ikaonekana walichokiona kinaweza kuelezwa na vumbi la galaksi yetu.

"Kama njiwa," akasema, akachukua kalamu yake.